Ardhi Ikipumzishwa, Kibarua Ale Nini?



Kila masika sisi wa reli twapata kazi ambayo haimo katika hesabu ya nauli wala ya shehena. Mvua ikinyesha usiku kucha huko juu, asubuhi udongo umeshuka, umejaza mitaro, umeziba makalvati, na pengine umelala juu ya mataruma yenyewe. Genge la njia huitwa mapema na mabeleshi na makarai, nyapara akiwa mbele, na treni husimama stesheni mpaka njia iwe safi. Udongo huo si wa reli. Ulikuwa shamba la mtu.

Masika iliyopita, tulipokuwa tumekaa kivulini baada ya kazi hiyo, ndugu mmoja alisema kwa hasira kwamba wakulima wa juu walazimishwe kuchimba matuta, na asiyechimba atozwe faini. Mwingine akamjibu kwamba huko Marekani mambo ni kinyume: mkulima halazimishwi, bali Serikali humlipa fedha ili aulinde udongo, na pengine humlipa ili asilime kabisa. Wengi walicheka wakidhani ni hadithi. Si hadithi, ndugu. Tumeuliza, tumesoma, na hapa twataka kueleza jinsi mambo hayo yalivyo, pamoja na maoni yetu kama wafanya kazi.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya. Kulinda udongo ni kazi, na kazi yo yote yastahili malipo. Lakini fedha ikitolewa kwa kufuata hati ya shamba tu, bila kumtazama aliyeshika jembe, mwenye jembe atabaki mikono mitupu. Wamarekani wameliona jambo hilo kwa macho yao, nasi yafaa tujifunze kwao kabla hatujaomba tupewe kama wao.

VUMBI LA CIMARRON

Marekani nayo ina kaunti, kama sisi tulivyo nazo tangu mwaka wa 2013, ila zetu ni 47 na zao ni zaidi ya 3,000. Moja yaitwa Cimarron, nayo iko mwisho kabisa wa magharibi wa jimbo la Oklahoma, imepakana na majimbo mengine manne: Kansas, Colorado, New Mexico na Texas. Ni nchi tambarare, kavu, yenye upepo mwingi, na zamani ilikuwa mbuga ya majani. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza bei ya ngano ilipanda sana, na baada ya vita matrekta yakaja. Watu wakavunja mbuga ile eka kwa eka wakapanda ngano. Mvua ilipokuwa njema walivuna. Kisha bei ikaanguka, na mwanzo wa miaka ya 1930 mvua nayo ikakatika. Udongo usio na mzizi wa kuushika ukaanza kuruka.

Mwezi wa Mei 1934 vumbi la nyanda kubwa za Marekani liliruka mpaka New York, na mabaharia wakaliona likianguka juu ya meli zao katika bahari ya Atlantic. Tarehe 14 Aprili 1935, siku ya Jumapili, likaja wingu jeusi hata mchana ukawa kama usiku. Watu wa kule huiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Mwaka wa 1936 mpiga picha wa Serikali, Arthur Rothstein, alipiga picha katika kaunti ya Cimarron ya mkulima na watoto wake wawili wakikimbilia kibanda huku vumbi likiwafunika. Picha hiyo imeonekana duniani pote, na hapana shaka baadhi yenu mmeiona.

Basi hapo Serikali ya Marekani ikaamini kwamba udongo wa mkulima si shauri la mkulima peke yake. Tarehe 27 Aprili 1935 ikatungwa sheria ya kuanzisha Idara ya Kulinda Udongo, na mkubwa wake wa kwanza alikuwa Hugh Hammond Bennett. Mwaka wa 1936 ikaja sheria nyingine: mkulima atakayepunguza mimea inayochosha udongo, na kupanda majani na jamii ya kunde mahali pake, atalipwa fedha na Serikali. Hiyo ndiyo ruzuku ya kulinda udongo, nayo imeendelea kwa majina mbalimbali tangu wakati huo.

WENYE PAMBA NA WALIMA PAMBA

Lakini kabla ya kusifu, tutazame yaliyotokea miaka michache nyuma katika nchi ya pamba, kusini mwa Marekani. Mwezi wa Mei 1933 Serikali ilitunga sheria ya kuwalipa wakulima ili wapunguze mashamba, kusudi bei ipande. Shabaha ilikuwa bei, siyo udongo, lakini njia ya kulipa ilikuwa ile ile. Pamba ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kupandwa, hivyo eka karibu milioni 10 zikang'olewa.

Sasa sikilizeni jinsi fedha ilivyotembea. Mashamba yale makubwa hayakulimwa na wenyewe. Yalilimwa na watu maskini, weusi kwa weupe, waliopewa kipande cha shamba wakalima na kugawana mavuno na tajiri. Serikali ilipeleka fedha kwa tajiri, na kumwambia awagawie watu wake. Wako waliogawa. Wengi walikatia deni, wengine walitia mfukoni zote. Tena kwa kuwa eka za kulima zimepungua, tajiri aliona hana haja ya watu wengi, akawafukuza na watoto wao. Fedha iliyotolewa kumsaidia mkulima ikawa ndiyo iliyomtoa shambani.

Mwezi wa Julai 1934, katika mji mdogo wa Tyronza, jimbo la Arkansas, watu wachache weusi na weupe walikutana wakaanzisha Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini. Katika nchi ile na wakati ule, mtu mweusi na mtu mweupe kukaa katika chama kimoja lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Wanachama walipigwa, mikutano yao ikavunjwa, wengine wakapigwa risasi. Neno lao lilikuwa jepesi: fedha ya Serikali imfikie aliyelima, na asifukuzwe. Katika Idara ya Kilimo huko Washington walikuwako maofisa waliokubali neno hilo, wakajaribu kuwazuia matajiri wasibadili wapangaji wao. Mwezi wa Februari 1935 maofisa hao wakafukuzwa kazi wao wenyewe.

Ndugu, sisi tulio katika chama twalijua jambo hili bila kufundishwa. Mshahara ukipitia mkononi mwa mtu mwingine, haufiki mzima.

MKATABA WA MIAKA KUMI

Mwaka wa 1956, wakati wa Rais Eisenhower, Wamarekani walianza mpango ulioitwa Benki ya Udongo. Mtu aliweza kupumzisha shamba lake kwa miaka kadha na kulipwa. Wengine waliingiza mashamba yao yote, na baada ya hapo katika miji midogo wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamekwisha. Mpango huo haukudumu. Miaka ya 1970 bei ya nafaka ilipanda, na mashamba mengi yaliyopumzishwa yakalimwa tena.

Kisha mwezi wa Desemba 1985 ikatungwa sheria iliyoanzisha mpango mkubwa kuliko ile ya zamani, nao ulikuwa bado ukilipa wakulima katika miaka ya 2020. Kazi yake ni hivi. Mkulima mwenye shamba linalomomonyoka hupeleka ombi. Wakikubaliana, hutia sahihi mkataba wa miaka 10 mpaka 15. Katika muda huo hapandi nafaka. Hupanda majani au miti ya kushika udongo. Serikali humlipa kodi kila mwaka kwa kila eka, ikitazama kodi ya mashamba katika kaunti ile, tena humsaidia mpaka nusu ya gharama ya kuotesha majani hayo. Akivunja mkataba hurudisha fedha.

Ardhi iliyoingizwa ilifika kipeo mwaka wa 2007, ikawa zaidi ya eka milioni 36. Ili mpate kipimo, hiyo ni kama robo ya nchi kavu yote ya Kenya. Nyanda kavu za kusini, ambako Cimarron iko, ziliingiza ardhi nyingi sana. Malipo ya mpango huu kwa mwaka yamekuwa karibu dola bilioni 2.

Hatutaki kudharau mema yake. Mahali ambapo udongo ulikuwa ukiruka, majani yamerudi. Mito imepata nafuu ya tope, na ndege wa porini wamepata mahali pa kutaga. Mkulima mzee ambaye hawezi tena kupanda trekta amepata kitu cha kumlisha bila kuuza shamba la babake. Tena hapana mtu aliyechapwa kiboko, na hapana aliyetozwa faini kwa kukataa. Mambo haya ni mema, na asiyeyaona ana kijicho.

EKA YA MAJANI HAIPAKII BEHEWA

Lakini sisi ni watu wa reli, na mtu wa reli akiona shamba la ngano huona behewa. Eka ya ngano ina watu wengi nyuma yake kuliko yule mwenye shamba. Yuko anayeuza mbegu na mbolea, fundi wa trekta, muuza mafuta, dereva wa mashine ya kuvuna na dereva wa lori. Yuko kibarua wa ghala la nafaka, na mwisho yuko mwenzetu anayefunga mabehewa na kuyapanga katika stesheni ndogo. Eka ile ikigeuka majani kwa miaka kumi, mwenye shamba hupata kodi yake kila mwaka. Hawa wengine hawana mkataba. Hawakuulizwa, na hapana barua iliyokwenda kwao.

Wala msidhani haya ni mawazo yetu tu. Sheria yenyewe ya mwaka wa 1985 imeyakubali. Iliweka kwamba katika kila kaunti ardhi itakayoingizwa isizidi asilimia 25 ya ardhi ya kulima, isipokuwa kwa ruhusa maalum ikiwa uchumi wa mahali hautaumia. Robo moja, basi. Ikiwa kupumzisha ardhi hakumdhuru mtu, kwa nini wakaweka mpaka? Waliuweka kwa sababu walikumbuka kelele za maduka ya miaka ya 1950. Walijua kwamba kaunti yaweza kuota majani mazuri huku watu wake wakihama.

Mwaka wa 1930 kaunti ya Cimarron ilikuwa na watu zaidi ya 5,000. Hesabu ya mwaka wa 2020 haikukuta hata 2,500. Hatusemi ruzuku ndiyo iliyowafukuza. Vumbi lilianza, na trekta likamaliza, kwa kuwa mtu mmoja sasa hulima mahali walipolima watu kumi. Twasema hivi tu: fedha ya kulinda ardhi ilipokuja, ilikuja kwa ajili ya ardhi na mwenye ardhi. Waliobaki bila shamba haikuwatafuta.

NANI AKAAYE MEZANI

Tumetazama pia ni nani apewaye. Kwa kuwa malipo ni ya eka, mwenye eka nyingi hupata nyingi. Sheria imeweka mpaka, kwamba mtu mmoja asipokee zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka katika mpango huu. Kwa bei ya fedha ya mwaka wa 2025 hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 6. Wako wakulima wengi wanaopata kidogo sana kuliko hapo, lakini mpaka huo waonyesha ukubwa wa baadhi ya mifuko.

Kuna jambo moja la kusifu. Sheria hiyo yasema wapangaji na wanaogawana mavuno walindwe, na wapate sehemu ya malipo kwa haki. Maneno hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Ni jasho la watu wa Tyronza na wenzao, lililochukua miaka mingi kuingia katika kitabu cha sheria. Walipigwa wao, wakapata haki wajukuu.

Lakini yule wa chini kabisa, kibarua wa mshahara wa siku, bado hana fungu lake. Mambo ya ruzuku katika kaunti husimamiwa na ofisi ya Serikali pamoja na kamati ya wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Huo ni utaratibu mzuri kuliko amri ya kutoka mbali. Hata hivyo, kibarua hapigi kura katika kamati hiyo, kwa kuwa si mwenye shamba wala si mpangaji. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Sisi tuliosoma shule ya misheni tulifundishwa Torati kabla ya kufundishwa hesabu ya desimali. Torati nayo iliagiza ardhi ipumzishwe, kila mwaka wa saba. Twakumbuka kumwuliza mwalimu: watu watakula nini? Akatuonyesha kwamba jibu limo mle mle. Vitakavyoota vyenyewe katika mwaka huo ni chakula cha mwenye shamba, na cha mtumishi wake, na cha kibarua wa mshahara, na cha mgeni, na hata cha wanyama. Angalieni, ndugu: kibarua ametajwa. Sheria ya zamani sana ilipumzisha ardhi bila kumsahau mtu anayeilima kwa ujira. Hatuombi zaidi ya hapo.

YALIYOTUPATA SISI

Pengine mtu atauliza, mambo ya Oklahoma yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa maana habari za vumbi lile zilifika Nairobi katika miaka ile ile ya 1930. Maofisa wa Serikali ya kikoloni walizisoma wakaogopa, wakatazama milima ya Machakos iliyokuwa imekwisha majani, wakasema hapa napo patakuwa jangwa. Hofu yao haikuwa ya bure. Lakini waliichukua hofu ya Marekani bila kuuchukua mfuko wake. Tena hawakutaka kusema kwamba watu na ng'ombe walisongamana kwa sababu ardhi nyingi nzuri ilikuwa imekwisha kupewa masetla.

Mwaka wa 1938 Serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa bei ndogo, ati ni kwa faida ya udongo. Mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto walitembea kwa miguu kutoka Machakos mpaka Nairobi, wakakaa huko majuma kadha wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo kabla mwaka haujaisha Serikali ililegeza, ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita Kuu ya pili ikaja zamu ya Murang'a. Watu walitolewa kuchimba matuta bila malipo, na wengi wao walikuwa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa mijini, katika mashamba ya masetla, na katika reli pia. Mwaka wa 1947 kazi ile ikasimama, na mwaka wa 1948 wanawake wakaandamana wakasema hawachimbi tena. Matuta yenyewe hayakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kiboko na ujira wa sufuri.

Na ushahidi kwamba ubaya haukuwa wa matuta ni huu: baadaye watu wa Machakos waliyachimba wenyewe. Walikusanyika katika vikundi vyao vya mwethya, leo shamba langu, kesho shamba lako. Walichagua namna iliyowafaa, ile ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, iitwayo fanya juu. Wataalamu wa ng'ambo hutumia jina hilo la Kiswahili mpaka leo katika vitabu vyao. Watu walichimba kwa sababu shamba lilikuwa lao, na kwa sababu kahawa, matunda na mboga vilikuwa na soko. Kwa hiyo hatusemi kwamba pasipo ruzuku mkulima hawezi kulinda udongo. Twasema pasipo faida hapana mtu atakayeulinda, awe Mkamba au Mmarekani.

JE, MKULIMA ALIPWE KWA SHAMBA LAKE MWENYEWE?

Ndugu yetu mwenye hasira alituuliza swali hili, nalo ni swali la haki. Kwa nini mtu alipwe kwa kutengeneza nyumba yake?

Jibu letu ni kwamba si nyumba yake peke yake. Udongo ukitoka kwake waja kwetu relini, wajaza mabwawa ya maji ya miji, na wachafua mito mpaka baharini. Anayechimba tuta hupata faida kidogo shambani, na watu wa chini hupata faida kubwa bila kutoa jasho. Ni haki watu wa chini wachangie. Jambo hili limekwisha anza hapa petu. Mwaka wa 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wadogo wa milimani kwa miche na vifaa vya kuhifadhi maji ili tope lipungue katika maji yanayokwenda Nairobi. Mnywaji wa chini amsaidia mlimaji wa juu. Njia hiyo ni njema.

Lakini mpango wa kupumzisha shamba miaka kumi hautufai sisi. Mwenye eka 1,000 aweza kupumzisha 250 na bado akala. Mwenye eka mbili akipumzisha moja, watoto watalala njaa. Kwetu malipo yafaa yawe ya kazi iliyofanywa: mita za matuta zilizochimbwa, majani yaliyopandwa kingoni, makorongo yaliyozibwa, miti iliyoshika. Kazi hiyo yapimika kwa kamba, kama tunavyopima njia ya reli.

TUJITAZAME WENYEWE

Hapa, ndugu, hatuna budi kusema neno ambalo halitatufurahisha. Wengi wetu katika reli tuna kipande cha shamba nyumbani. Hati iko kwa jina letu, imefungwa katika sanduku hapa landhi. Nani anayelima? Ni mke, na mama, na pengine kijana wa jirani kwa ujira wa siku. Sisi twaenda likizo mwezi mmoja, twakagua mahindi kama maofisa, twarudi kazini.

Ikiwa kesho kaunti yetu itaanza kulipa fedha ya kulinda udongo, na ikiwa italipa kwa kufuata hati, zitakuja kwetu sisi tulioko mbali. Mke aliyechimba tuta kwa mgongo wake ataombwa atuandikie barua ya kushukuru. Tutakuwa tumewatenda wake zetu kama matajiri wa pamba wa Arkansas walivyowatenda wapangaji wao, na hatutakuwa na uso wa kusimama katika mkutano wa chama kusema habari za haki. Wanawake wa Murang'a waliandamana mwaka wa 1948 kwa sababu walifanya kazi bila ujira. Tusiwafanye waandamane tena, safari hii mbele ya milango yetu.

Kwa hiyo twaleta mashauri manne, matawi yayajadili.

La kwanza, fedha yo yote ya kulinda udongo ilipwe kwa kazi iliyopimwa, na ipewe mtu aliyeifanya, awe mwenye hati au asiwe.

La pili, majina ya waliolipwa na kiasi walichopata yasomwe katika baraza. Marekani wananchi wameweza kuyaona malipo hayo kwa majina, na mambo mengi yamejulikana kwa njia hiyo.

La tatu, katika kamati ya kugawa fedha wawemo vibarua, wapangaji na wanawake wanaolima, si wenye mashamba makubwa peke yao.

La nne, mahali po pote ambapo ardhi itaachwa bila kulimwa, kwanza wahesabiwe watu watakaokosa kazi, shambani, ghalani na stesheni, na wao wapewe kazi ya kwanza katika kupanda miti na kuchimba matuta. Wamarekani waliweka mpaka wa robo. Mpaka wetu uwe hesabu ya watu.

Mtu asije akasema chama cha reli chajiingiza katika mambo ya kilimo. Udongo hujiingiza katika reli kila masika bila kutuomba ruhusa. Basi nasi twaweza kupanda mlima mpaka unakotoka, tukaongee na watu wa huko kama ndugu, badala ya kuwatishia faini.

Katibu wa kila tawi aombwe kuyaweka mashauri haya katika mkutano ujao. Atakayepinga na apinge kwa maneno, tutamsikiliza. Lakini kabla hajasimama, kwanza apige simu nyumbani, aulize ni nani aliyechimba tuta la mwisho katika shamba lake, na alilipwa nini.

Ni sisi ndugu zenu,
Wa Genge la Njia